Kijani Kimoja, Ardhi Mbili

Katika picha ya setilaiti, Kericho ni kijani kitupu. Huku mashamba ya chai, kule msitu wa Mau. Kompyuta inayopima rangi pekee hupata shida kuvitenganisha, kwa sababu majani ya chai na ya miti hufanya kazi ileile: hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule wa infraredi. Chai ikihesabiwa kuwa msitu, hekta za msitu huongezeka kwenye ramani bila hata mche mmoja kupandwa.

Toleo hili la jarida letu linajadili ushahidi mwingine: msuko wa picha, yaani jinsi nukta angavu na nukta za giza zinavyopangana. Chai hukatwa kwa kimo kimoja ikawa kama mkeka uliotandikwa. Msitu wa asili una miti mirefu na mifupi, vivuli na mapengo. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot aliuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, akaonyesha kuwa jibu hutegemea rula inayotumika. Kutokana na hoja hiyo, mparuzo wa maumbile ukapata namba. Na mwaka 1984 Alex Pentland akaitumia kwenye picha. Mwangaza wa kila nukta ukichukuliwa kuwa kimo, picha nzima huwa uso wa kupimika: ulio laini kabisa hupata kipimo cha fraktali cha 2, na kadiri unavyozidi kuparuza kipimo huelekea 3.

Msimamo wetu ni kwamba msuko uingizwe katika uainishaji wa ardhi, lakini usiachiwe kuamua peke yake. Suala la rula halijatuacha. Kipimo hiki hakitoki kwenye pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Huhitaji dirisha la pikseli nyingi. Dirisha la pikseli 33 kwa 33 hufunika mita 330 kila upande katika picha za setilaiti za Sentinel-2 zenye pikseli ya mita 10, na mita 990 katika zile za Landsat zenye pikseli ya mita 30. Likiangukia mpakani, nusu chai na nusu msitu, linaweza kupima mparuzo wa mpaka wenyewe na kuipa chai jina la msitu. Nako mpakani ndiko tunakohitaji uhakika zaidi: tangu 1986 Kenya imekuwa ikipanda ukanda mwembamba wa chai ya Nyayo kandokando ya misitu ili kuikinga, na dirisha pana huumeza ukanda huo wote. Tena, mtaa wenye nyumba zilizobanana unaweza kupata namba ileile ya msitu. Hapo rangi ndiyo itakayoamua.

Kwa hiyo, waandishi wetu, mnapoleta kipimo cha fraktali tajeni ukubwa wa dirisha, ukubwa wa pikseli, kanuni ya ukokotoaji, na maeneo mliyofika wenyewe kuhakiki. Makala isiyo na mambo hayo manne tutairudisha.