Kupamba Mlango wa Kabati Usio Wako



Familia zetu nyingi za mijini huishi katika nyumba za kupanga. Mara nyingi chumbani huwamo kabati la nguo lililojengwa ukutani, milango yake imechubuka rangi au imebaki na alama za stika za wapangaji waliotangulia. Mama wa nyumba huitazama milango hiyo kila siku na kutamani kuipendezesha. Tamanio hilo ni jema. Linalohitaji uangalifu ni njia ya kulitimiza.

Kamati ya msikiti wetu imewahi kusuluhisha ugomvi uliotokana na milango ya kabati tu. Mpangaji aliipaka rangi ya mafuta na kugongomea misumari bila ya ruhusa, akidhani anatenda wema. Siku ya kuhama, mwenye nyumba akazuia fedha ya dhamana. Watu waliosimama safu moja kwa miaka wakafikia kunyimana salamu.

Mafaqihi wamebainisha kuwa mkono wa mpangaji juu ya alichokodi ni mkono wa amana. Hadaiwi uchakavu wa matumizi ya kawaida, lakini hudhamini alichokiharibu kwa kuvuka mipaka au kwa uzembe. Nayo aya ya kwanza ya Suratul Maidah inatuamrisha kutimiza mikataba. Basi pambo linalomfaa mpangaji ni lile liwezalo kuondolewa bila ya kuacha alama.

Njia nyepesi ni kuuvika mlango kitambaa, kama mto unavyovikwa foronya. Kwanza mwarifu mwenye nyumba, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, kisha piga picha ya milango ilivyo. Ifute kwa maji ya sabuni na uiache ikauke kabisa, kwani unyevu chini ya kitambaa huzaa ukungu.

Pima mlango, kisha ongeza sentimita 5 kila upande kwa ajili ya upindo. Mlango wa sentimita 45 kwa 180 utahitaji kipande cha 55 kwa 190. Kwa hiyo mita 2 za kitenge chenye upana wa sentimita 110 hutosha milango miwili. Chagua kitambaa chembamba, maana kizito huzuia mlango kufunga. Pinda kingo, kisha shona tepe zinazoelekeana kushoto na kulia, na juu na chini, ukiziepusha na bawaba. Fungua kishikio, toboa tundu dogo na ulishone ukingo lisifumuke. Tandaza kitambaa, rudisha kishikio, kaza tepe na uzifunge nyuma ya mlango. Hapana gundi wala msumari, na kikichafuka hufuliwa.

Katika kuchagua kitambaa, tukumbuke hadithi mashuhuri ya Bibi Aisha (r.a.), aliyetundika pazia lenye picha za viumbe, na Mtume (s.a.w.) akalichukia, likakatwa likawa mito. Maua na michoro ya kawaida inatosha. Aya za Qur'ani zisitundikwe mahali panapoguswa kwa mikono isiyo na udhu na kugongwa na watoto. Ukitumia kanga, soma jina lake kwanza: mgeni asije akadhani amesemwa. Tena tusifanye israfu. Vitambaa vilivyomo sandukuni huenda vikatosha.

Iwapo skrubu ya bawaba imelegea kwa kuwa tundu limepanuka, usihamishe bawaba. Mwenye nyumba akiridhia, jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, ziache zikauke, kisha kaza upya.

Siku ya kuhama, fungua tepe, kunja kitambaa chako, na ukabidhi milango ikiwa safi kuliko ulivyoikuta. Mwenye nyumba atapokea amana yake, nawe utapokea dhamana yako, na Ijumaa ijayo mtapeana mikono kwa nyoyo safi.

Wabillahi tawfiq.