Burma ya Soko na Burma ya Wenyewe

Aendaye Soko la Burma, Nairobi, hufuata nyama. Jina lenyewe huhusishwa na askari wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Kisa hicho husimuliwa nusu, kana kwamba nchi hiyo haikuwa na wenyewe.

Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza Waingereza, nao vijana wazalendo wa Aung San wakaandamana nao wakitaraji uhuru. Uhuru waliopewa tarehe 1 Agosti 1943 ulikuwa wa jina tu. Raia walishurutishwa kujenga reli ya kutoka Siam, wengi wakafa, huku Kempeitai, polisi wa jeshi la Japani, wakiwatesa walioshukiwa. Tarehe 27 Machi 1945 jeshi la Aung San liliwageuzia Wajapani bunduki.

Je, askari wa KAR aliyevuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944 alikuwa mkombozi? Alimng'oa mkoloni mmoja ili arejee mwingine, yule yule aliyemtawala yeye kwao. Waruhiu Itote, aliyepigana huko, alirudi akiwa na maswali hayo. Baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau. Burma ilijitawala mwaka 1948, Kenya 1963.

KAR ilitumia Kiswahili, hivyo lugha hii ilifika Chindwin (jambo ambalo wanaisimu wangelifurahia). Mtunzi wa Kiswahili atakayemwandika askari huyo ampe Mburma naye kauli yake, hata pale ambapo askari hakuielewa.