Danadana kwanza, tikitaka baadaye

Hakuna kocha mwenye akili zake anayemwanzishia dogo mazoezi kwa tikitaka. Kwanza danadana, halafu pasi, halafu chenga. Tikitaka itakuja yenyewe, tena kwa mwenye shingo nzima.

Kwenye baiskeli mambo yako kinyume. Madogo wa Mbeya na Iringa wakiona video ya BMX kwenye simu, kesho yake wanataka kunyanyua tairi la mbele kwenye mteremko, na breki zenyewe za kubahatisha. Miji hii ni ya milima. Ukishuka Iwambi, au ukitoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, unakutana na barabara kuu ya Zambia na malori yake. Hapo si mchezo tena.

Ndiyo maana anayeanza afuate BMX ya sehemu tambarare. Haina ukuta wa kurukia wala haihitaji spidi. Ni mtu, baiskeli ya tairi za inchi 20 na sakafu iliyonyooka.

Danadana yake ya kwanza ni kusimama. Baiskeli imetulia, miguu yote juu ya pedeli, tairi la mbele limekatwa kidogo upande mmoja, breki inabanwa na kuachiwa taratibu. Akifika kumi bila kugusa chini, huyo ameshajua kutuliza mpira.

Ya pili ni kunyanyua tairi la nyuma. Anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, anabana breki ya mbele kwa vidole viwili, magoti yamelegea, uzito unasogea mbele. Tairi likinyanyuka shibiri moja linatosha. Anaachia breki, linarudi chini. Anayebana kwa pupa atapita juu ya usukani, hivyo kofia ngumu si urembo.

Ya tatu ni kuhama kutoka kwenye pedeli na kukanyaga chuma cha ekseli ya nyuma, baiskeli ikiendelea kuserereka polepole. Hapo ndipo mitindo mikubwa inapozaliwa.

Watasema huu ni mchezo wa Wazungu. Waseme. BMX ya mitindo iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ingawa huko wanaruka kwenye majukwaa. Hata Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14, kuna waliodhani ni utani.

Tatizo ni sehemu. Kwenye miji ya vilima, pa tambarare ni pa kutafuta. Nje ya Sokoine na Samora, siku isiyo na mechi, maegesho yapo tu. Wenye viwanja wakiwaachia madogo saa mbili za jioni, chini ya jicho la mtu mzima, hawapotezi kitu.

Na shabiki akimkuta dogo pale anahesabu mpaka kumi, asimzomee. Hata danadana huanza na mbili.