Mtoto Akiogopa Katuni

Katika nyumba nyingi za Juba runinga ni moja na watoto ni wengi. Jenereta ikiwashwa jioni kule Gudele au Munuki, au betri ya sola ikiwa bado ina nguvu, wanaketi pamoja mkekani: wa miaka kumi na miwili, wa minane, na yule wa mitatu ambaye hakuna aliyemwuliza anataka kutazama nini. Rimoti iko kwa mkubwa. Kipindi ni cha watoto, kwa hiyo mama anayepika nje hana wasiwasi. Mara mdogo anatoka mbio akilia na kujificha nyuma ya kitenge cha mama yake, huku kaka zake wakiangua kicheko. "Mata kafu," mama anamwambia, usiogope, ni katuni tu, si kweli. Jambo linahesabiwa limekwisha. Usiku ukiingia mtoto hataki kulala upande wa mlangoni.

Kumwambia mtoto "si kweli" ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mzazi, na kwa mtoto wa umri huo halisaidii. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza hofu ambazo watoto huzipata mbele ya runinga. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Barbara Wilson walichapisha matokeo ya jaribio moja. Watoto walionyeshwa kipande cha filamu The Wizard of Oz, chenye mchawi wa kutisha, na baadhi yao waliambiwa kabla wakumbuke kwamba mambo hayo yote ni ya kubuni. Wenye miaka 9 hadi 11 hofu yao ilipungua. Wenye miaka 3 hadi 5 hawakupata nafuu.

Sababu yake si upumbavu wa mtoto. Mtoto mdogo huamini macho yake kuliko maelezo. Cantor na wenzake walipowauliza wazazi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni vipindi gani vinavyowatisha watoto wao ambao hawajaanza shule, jina lililotajwa sana lilikuwa The Incredible Hulk. Shujaa wa tamthilia hiyo ni daktari mpole ambaye akikasirika hugeuka jitu la kijani lenye misuli, kisha jitu hilo huwaokoa wanyonge. Mtoto wa miaka kumi anafuata hadithi na kujua kwamba jitu ni mwema. Mdogo anaona jambo moja tu: mtu aliyekuwa na sura ya kawaida ameharibika usoni, macho yamebadilika, nguo zimepasuka. Kwake yeye, kama baba anaweza kugeuka hivyo, hakuna aliye salama nyumbani. Ndiyo maana kipindi ambacho mkubwa anakiona cha kuchekesha kinaweza kumnyima mdogo usingizi kwa wiki nzima.

Watengenezaji wa vipindi wenyewe wameteleza hapo, tena walio bora kuliko wote. Yule mchawi wa The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939, aliigizwa na Margaret Hamilton, mwanamke ambaye kabla ya kuingia kwenye uigizaji alikuwa mwalimu wa chekechea. Tarehe 10 Februari 1976 alialikwa kwenye kipindi cha watoto cha Sesame Street akiwa amevaa kofia yake nyeusi na uso wake wa kijani. Mchawi amepoteza ufagio wake, anautaka, na anatishia kumgeuza yule ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, awe kifaa cha kufutia vumbi. Nia ilikuwa njema: watoto wajifunze kukabiliana na hofu. Barua za wazazi zikamiminika zikieleza watoto waliopiga mayowe na waliokataa kukitazama tena kipindi walichokuwa wakikipenda. Waandaaji wakaamua sehemu hiyo isirushwe tena hewani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanamke huyo huyo alikuwa amekaa kwenye kipindi kingine cha watoto, cha Fred Rogers. Alifika kama bibi wa kawaida, akapiga soga, akaeleza kwamba kumwigiza mchawi ni kazi kama kazi nyingine. Kisha akavaa lile vazi mbele ya kamera, kipande kimoja baada ya kingine, hadi mchawi akatimia, na watoto wakamwona bibi yule yule bado yumo ndani. Mwaka 1980 Rogers akafanya vivyo hivyo kwa yule Hulk: alikwenda mahali tamthilia inapopigwa picha akaonyesha jinsi Lou Ferrigno, mwigizaji wake, anavyopakwa rangi ya kijani.

Rogers naye alikuwa anasema "si kweli". Tofauti ni kwamba alilionyesha jambo hilo kwa macho, taratibu, na mtu mzima akiwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo mzazi wa Juba anapaswa kuanzia, wala haihitaji studio. Inatosha kipande cha katoni, kaa la jikoni na mchana wenye mwanga. Mama akate uso wa zimwi huku mtoto akitazama, autie meno, auvae, auvue, auvae tena, kisha ampe mtoto auvae yeye. Au wachore lile jitu chini kwa kijiti, walitie masharubu, walifute kwa mguu. Mtoto aliyelifanya zimwi kwa mikono yake na kulifuta kwa mguu wake amepata uthibitisho ambao maneno hayakumpa.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Usiku wenyewe, mtoto anapotetemeka, ashikwe kwanza. Apakatwe, apewe maji, apewe shuka analolipenda, alale karibu na mtu. Tafiti za Cantor zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka sita au saba, njia za mwili, yaani kushikwa, kushika kitu, kunywa au kula kidogo, hutuliza kuliko hoja. Wazazi wengi hujua hili bila kuambiwa, ila huona aibu kulifanya mbele ya watu, hasa mtoto akiwa wa kiume.

Aibu hiyo ina historia, na katika Juba historia hiyo ni nzito. Mjomba aliyetembea kwa miguu hadi Ethiopia akiwa mvulana mwishoni mwa miaka ya 1980, akaishi kambini Pinyudo, akavuka mto Gilo mwaka 1991 huku wenzake wakizama, kisha akakulia Kakuma kule Turkana alikojifunza Kiswahili, anamtazama mpwa wake anayelilia katuni na kushindwa kuelewa. Shangazi aliyekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa vita vilipozuka Desemba 2013, na akakimbia tena Julai 2016, ana haki ya kuuliza ni hofu gani hii. Wamepita kwenye mambo ambayo runinga haiwezi kuyaigiza, na ustahimilivu wao unastahili heshima yote.

Hata hivyo, mtoto wa miaka mitatu hana kipimo hicho. Hofu yake hailingani na ya mjomba kwa ukubwa wa hatari, ila moyo wake unakwenda mbio vile vile. Tena kumwambia kwamba wengine waliona makubwa zaidi kunamfunza jambo moja la hatari: akiogopa, asiseme. Mtoto wa Juba hawezi kumudu funzo hilo. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2024, milio mizito ya risasi iliposikika mtaani Thongpiny, watoto waliozaliwa baada ya mkataba wa amani wa 2018 waliziona nyuso za wazazi wao zikibadilika. Watoto kama hao wakisikia mlipuko ndani ya katuni, humgeukia mtu mzima kwanza kabla ya kuirudia skrini. Wanachokisoma usoni pake ndicho kinachowaambia kama wakimbie.

Serikali nayo inaijua nguvu ya picha. Januari 2025, video za mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani, Sudan, zilipoenea kwenye simu na ghasia zikazuka Juba, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliagiza Facebook na TikTok zifungwe kwa muda, na baada ya siku chache zikafunguliwa. Agizo la namna hiyo linaweza kujadiliwa kwa upande huu na ule. Kwa mtoto aliyetishwa na kikaragosi, hakuna mamlaka itakayomsaidia. Wa kumsaidia ni mtu mzima aliye karibu, na mara nyingi mama hayupo chumbani, kwa sababu runinga imewashwa ili naye apate nafasi ya kupika, kuchota maji au kupumzika. Si haki kumlaumu mama kwa hilo. Ni haki kuwaomba wengine walio nyumbani, baba akiwa wa kwanza, waketi mkekani hata kwa kipindi kimoja.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa zamani walitishwa pia na wakakua salama. Ni kweli walitishwa. Francis Mading Deng alipokusanya ngano za Wadinka katika kitabu cha mwaka 1974, simba wamejaa humo, wakiwemo watu wanaogeuka simba, jambo lisilo mbali sana na yule Hulk. Lakini ngano ilisimuliwa wakati wa kulala na mtu ambaye mtoto alisikia pumzi yake. Haboba, yaani bibi, akiona mjukuu amejikunyata, alishusha sauti ya simba, au alimwua simba mapema kuliko alivyokusudia. Skrini haimwoni mtoto. Inaendelea na zimwi lake hadi mwisho, na muziki unapanda.

Kuna tabia moja ya kuachwa leo hii: kulitumia zimwi la katuni kama fimbo. "Maliza asida yako, la sivyo namwita yule." Wakubwa huona ni utani, na mtoto kweli hula haraka. Anachojifunza ni kwamba zimwi lipo, na mama yake ana namna ya kuliita. Vile vile kumfungia chumbani "azoee", au kumlazimisha akitazame tena kipindi kile kile ili aone kwamba hakuna kitu. Mwaka 1999 Cantor na Kristen Harrison walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu: tisa kati ya kila kumi walikumbuka tukio la kutishwa na filamu au runinga, na karibu robo walisema athari yake bado wanayo. Watu wazima hao walikuwa bado wamebeba kitu walichokiona wakiwa wadogo.

Kipindi kilichomtisha mtoto kipumzishwe kwa wiki kadhaa. Kaka zake watanung'unika, na wana hoja, kwa kuwa umeme ni wa saa chache na skrini ni moja. Hapa mzazi hana budi kumpendelea mdogo: wakubwa wasubiri alale. Naye akiwa macho, mara mojamoja rimoti ishikwe na yeye, kwa sababu mtoto anayejua kwamba anaweza kulizima zimwi kwa kidole chake hupungukiwa na hofu.

Hofu ikidumu wiki nyingi, mtoto akiacha kula au akianza tena kukojoa kitandani, apelekwe kwa daktari. Juba ina hospitali ya watoto ya Al Sabah. Zaidi ya hapo msaada ni haba. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kwamba wodi ya wagonjwa wa akili katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12. Nchi yenye uhaba kama huo inategemea sana kile kinachofanywa nyumbani mapema.

Vituo vya runinga navyo vina deni. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza vipindi vya watoto tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na Ubongo Kids ikaanza kuonyeshwa mwaka 2014. Nairobi ina Akili Kids!, kituo cha watoto kilichoanza Machi 2020. Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na watoto wake hawana sababu ya kulishwa katuni yoyote inayoshuka kutoka kwenye satelaiti bila kujali umri wao. SSBC, shirika la utangazaji la taifa, na vituo binafsi vya Juba vitenge saa ya wadogo, mapema jioni, kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili, na kabla ya kila kipindi vitangaze kinamfaa mtoto wa umri gani. Na wazazi, msisubiri vituo: kabla ya kumwachia mdogo kipindi kipya, kitazameni naye mara ya kwanza.