Paka anatokwa mate: ni fizi au ni kichaa?

Mama, mlezi, katika nyumba nyingi za Masasi na Newala paka ndiye anayelinda mahindi dhidi ya panya, na ndiye mwenzake mtoto katika michezo. Akianza kutokwa mate na kukataa chakula, mtoto humfungua kinywa akidhani amekwamwa na mfupa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Utando wenye vijidudu hushika kwenye meno na kugeuka ugaga, kisha fizi huvimba na kutoa damu. Huja polepole: mdomo hunuka, paka hutafuna upande mmoja na kuangusha vipande vigumu.

Kichaa cha mbwa huja haraka. Paka mpole anakuwa mkali ghafla au anajificha, hawezi kumeza, na hufa ndani ya siku chache. Lakini kwa macho tu huwezi kuwa na uhakika.

Kwa nini tahadhari bado inahitajika?

Kuanzia 2010, Mtwara na mikoa mingine ya kusini mashariki iliingia katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Nguvu kubwa ilielekezwa kwa mbwa, waenezaji wakuu. Ila kila mwaka wanazaliwa mbwa na paka wasiochanjwa, na kampeni ikilegea ugonjwa hurudi. Dunia imejiwekea 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na mbwa. Chanjo ikifika kijijini kwako, uliza kama na paka wanachanjwa.

Ufanye nini?

- Usimtie mkono kinywani. Mfungie peke yake, mwite afisa mifugo.
- Usimpe panadol, inaua paka.
- Ikiwa ni fizi, daktari wa mifugo humpa dawa ya usingizi, huondoa ugaga na kung'oa meno mabovu. Ugonjwa uliokomaa hauishi, hudhibitiwa. Mpe chakula laini.
- Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tunajua juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida. Haya usiyaonee uchungu. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Chanjo ikiwahi, mtoto anapona. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayenusurika.