Majalada Matano, Hadithi Moja

Wapo watakaoona kuwa si kazi ya safu hii kuzungumzia vitabu vya katuni. Sisi hatuoni hivyo, kwani asomaye katuni naye ni msomaji.

Kampuni ya Marvel ya Marekani ilijijengea heshima tangu mwaka 1961, Stan Lee na Jack Kirby walipobuni Fantastic Four. Mwaka uliofuata Lee na Steve Ditko walimleta Spider-Man, kijana mwenye nguvu za ajabu ambaye nyumbani kwao hata kodi ilikuwa taabu kulipwa. Wasomaji wakajiona humo.

Heshima hiyo ilichezewa. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, likiwa na majalada matano kwa hadithi ile ile moja. Wengi walinunua ili waziweke kabatini wakingoja bei ipande. Lakini kila mtu akiweka akiba kitu kile kile, atakinunua nani? Mwaka 1992 wachoraji mashuhuri, wakidai haki ya kazi zao, waliondoka wakaanzisha Image. Desemba 1996 Marvel ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Hatukubaliani na wasemao kwamba wasomaji walichoka. Wasomaji walichoshwa. Disney ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2009 kwa dola bilioni 4 hivi, haikufuata majalada yale. Iliwafuata mashujaa wa Lee, Kirby na Ditko.