Kihisi cha sumukuvu hakitafungua mpaka peke yake

Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi, kwa mfanyabiashara wa Namanga au Busia, mahindi bila kipimo hupotea vilevile.

Hofu ya Kenya haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa nchi hiyo. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na ugali kuiva vizuri hakuiondoi. Upimaji, basi, hauepukiki. Linalobaki ni nani apime, wapi, na kwa muda gani.

Hapo ndipo sayansi ya vitu vidogo mno inapomhusu mwenye lori. Mwaka 1991 mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, alieleza mirija ya kaboni iitwayo nanotyubu. Ile yenye ukuta mmoja ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, ulioviringishwa kama mkeka. Upana wake huwa kama nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Namna ulivyoviringishwa ndiyo huamua tabia yake: mmoja hupitisha umeme kama metali, mwingine huwa semikondakta, ambayo upitishaji wake hubadilika kwa urahisi.

Katika mrija huo kila atomu iko juu, haina pa kujificha. Kitu kikiugusa, umeme unaopita hubadilika. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa mrija wa aina hiyo hutambua gesi ya amonia bila kupashwa moto. Kwa sumukuvu, watafiti huweka juu ya mirija kingamwili inayoinasa aflatoksini. Ikinaswa, umeme hubadilika na kifaa husoma. Kazi hii bado iko zaidi maabara, lakini lengo lake ni wazi: kifaa kidogo, kinachotumia umeme kidogo, kinachotoa jibu palepale ghalani.

Faida yake kubwa ni mahali. Anayejua hali ya mahindi akiwa bado sokoni Kibaigwa anaweza kukataa kununua. Anayeijua akiwa mpakani amekwisha kulipa mkulima, wapakiaji na dereva.

Hata hivyo, kifaa hakitatatua kila kitu. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache mbovu katika gunia moja zinaweza kuharibu shehena nzima, na konzi iliyochotwa gunia la jirani ikaonekana safi. Kihisi hupima kilichowekwa ndani yake tu. Sampuli ikichotwa ovyo, jibu la haraka litakuwa kosa la haraka.

Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki isisubiri vifaa vifike ndipo ianze kubishana. Sheria yake ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji ipo. Yafaa mashirika ya viwango yakubaliane sasa jinsi ya kuchota sampuli kwenye lori, jinsi ya kuhakiki vifaa kwa kipimo kimoja, na kwamba jibu lililotolewa kihalali upande mmoja halirudiwi upande wa pili bila sababu iliyoandikwa.

Wafanyabiashara nao wana lao. Vyama vyao vinaweza kununua kifaa kwa pamoja na kuwafundisha vijana wao kuchota sampuli. Lakini mahindi yaanze kwa kukaushwa vizuri, kwani hakuna kihisi kinachoanika nafaka. Bila makubaliano hayo, teknolojia mpya itaongeza tu karatasi moja zaidi ya kubishaniwa mpakani, huku lori likisubiri na mzigo ukipata joto.